Kibodi isiyo na waya ikigoma kwenye Linux

KIBODI isiyo na waya ikigoma ghafla kwenye kompyuta ya Linux, mtumiaji aliyeko Bukene, wilayani Nzega mkoani Tabora, asiizime kwanza kompyuta, kwani kazi ambayo haijahifadhiwa itapotea. Aihifadhi kwa kipanya.

Kisha abadili betri, akague swichi na kuhamisha kipokezi hadi tundu jingine la USB. Kifaa cha USB 3 kilicho jirani huweza kuvuruga mawimbi ya gigahezi 2.4.

Ikishindikana, achomeke kibodi ya waya na kuandika amri ya lsusb. Kipokezi kikiwemo kwenye orodha, kibodi iunganishwe upya. Kwa kibodi nyingi za Logitech, programu ya Solaar hufanya hivyo. Kisipokuwemo, kijaribiwe kwenye kompyuta nyingine. Kisipoonekana na huko, yaelekea kimeharibika, na hakuna sababu ya kusafirisha kompyuta nzima hadi Tabora mjini kwa fundi.