Kabla ya Majuto, Maumivu

Februari 1948, katika hospitali moja ya London, alifariki David Tasma, Myahudi wa Poland aliyekimbilia Uingereza kutoka Warsaw. Aliishi kwa kuhudumia meza hotelini. Saratani ilimkuta akiwa na miaka 40, mbali na jamaa zake. Aliyekuwa akimtembelea kitandani ni afisa ustawi wa jamii aliyeitwa Cicely Saunders, na jambo waliloliongea wiki nyingi ni lile lililomsumbua Tasma kuliko ugonjwa wenyewe: kwamba anaondoka duniani kana kwamba hakuwahi kupita. Alimwachia Saunders pauni 500 ziwe dirisha katika nyumba ambayo wawili hao walikuwa wakiiwaza, nyumba ya kuwapokea watu wanaokaribia kufa.

Nyumba hiyo, hospisi ya St Christopher's, ilifunguliwa kusini mwa London mwaka 1967, miaka 19 baadaye. Katikati hapo Saunders, aliyekuwa amesomea uuguzi, alishauriwa na daktari wa upasuaji asomee udaktari, kwa kuwa madaktari wasingemsikiliza muuguzi. Alianza masomo akiwa na miaka 33. Kuanzia 1958 alifanya kazi katika hospisi ya St Joseph's, mtaa wa Hackney, iliyoendeshwa na masista wa Kikatoliki, na huko akajenga utaratibu ambao leo unaonekana wa kawaida kabisa: mofini itolewe kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, badala ya kumngoja mgonjwa alie ndipo adungwe sindano. Aliweka kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 1,000. Baadhi yao aliwarekodi kwa sauti.

Historia ya majuto ya mwisho inafaa ianzie hapo. Mtu anayesaga meno kwa maumivu hana nafasi ya kupima maisha yake. Anaomba usiku uishe. Maumivu yalipotulizwa, ndipo watu walipoanza kusema. Mama mmoja alimweleza Saunders kwamba uchungu ulianzia mgongoni, ila sasa ulikuwa umemwenea mwili mzima na maisha yake yote, na miongoni mwa mambo aliyoyataja ni mume na mwanawe, ambao wangelazimika kuacha kazi na kukosa mshahara ili wamwuguze. Kutokana na mazungumzo ya aina hiyo Saunders alieleza, mwaka 1964, kwamba maumivu ya anayekufa yana pande nyingi: mwili, moyo, familia, fedha na imani.

Nusu karne baadaye, Mwaustralia Bronnie Ware, aliyewahi kuwahudumia wagonjwa waliokaribia kufa majumbani mwao, aliandika yale aliyoyasikia wakijutia. Kitabu chake cha mwaka 2011 kilienea dunia nzima. Majuto aliyoyataja ni matano, na la pili ni hili: laiti nisingefanya kazi kupita kiasi. Ware anaeleza kwamba wanaume wote aliowahudumia walilisema, wakikumbuka utoto wa watoto wao walioukosa. Huo haukuwa utafiti. Ni kumbukumbu ya mtu mmoja aliyesikiliza kwa makini. Hata hivyo orodha hiyo sasa inasomwa kwenye semina za wafanyakazi kana kwamba ndiyo sauti ya kila kitanda cha mauti, na hilo ni kosa linalostahili kusahihishwa.

Mwaka 2003 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliowasikiliza wagonjwa 20 wa saratani ya mapafu huko Scotland na wagonjwa 24 wenye saratani iliyokomaa wilayani Meru, Kenya. Wa Scotland walikuwa na dawa, vitanda na wauguzi. Kilichowatesa zaidi ni hofu na uchungu wa kukabili kifo. Wa Meru waliegemea imani, ndugu na majirani, na wengi walikipokea kifo kwa utulivu zaidi. Mateso yao makubwa yalikuwa maumivu yasiyo na dawa, pamoja na gharama zilizokuwa zikiimaliza familia. Kumwuliza mtu wa namna hiyo kama anajutia kufanya kazi sana ni kumwonea. Anachokitaka kwanza ni kikombe cha dawa.

Kikombe hicho kina historia yake Afrika Mashariki. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, na miongoni mwa madaktari wake wa mwanzo alikuwa Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa ametumikia Nigeria na Singapore. Mwaka 1993 alihamia Kampala, wakati UKIMWI ukizijaza nyumba wagonjwa, akaanzisha Hospice Africa Uganda kwa fedha za kutosha miezi michache tu. Timu yake ilichanganya unga wa mofini na maji, ikatia rangi kutofautisha nguvu ya dawa, ikampelekea mgonjwa chupa nyumbani. Dawa ya bei nafuu kiasi hicho ilikuwa mapinduzi. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandika wenyewe, kwa sababu vijiji vingi havikuwa na daktari hata mmoja.

Pwani, maneno ya mwisho yalikuwa na mahali pake tangu zamani. Mwaka 1858 mshairi Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wosia. Alifariki miaka michache baadaye. Wosia wa namna hiyo unatazama mbele, kwa anayebaki. Hata sheria ya Kiislamu inaweka madeni ya marehemu mbele ya urithi, na wosia wa mali usizidi theluthi. Ndiyo maana mazikoni mzee wa familia husimama kutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Hesabu inayofungwa hapo ni ya haki za watu, na pengine saa za kazi huhesabiwa ndani yake pia, kwa kuwa ahadi iliyovunjwa kwa mke na mtoto nayo ni deni.

Hospisi za Kenya zimelazimika kuifuata hesabu hiyo. Wauguzi waligundua kwamba mgonjwa akishatulizwa maumivu, mara nyingi anataja shamba: nani ana hati, mke atafukuzwa na mashemeji, watoto watalipiwa karo na nani. Hivyo baadhi ya hospisi zikaanza kuwaita wanasheria waje wasaidie kuandika wosia, na kuwafundisha wauguzi wenyewe kuuliza mapema, mgonjwa akiwa bado na nguvu ya kushika kalamu na kuwaita ndugu aliokosana nao.