Lukasa na msimulizi wake: nani mwenye kubeba historia ya Baluba?



Watu wengi, wakisikia kwamba babu zetu hawakuwa na maandiko, wanasema mara moja: basi hawakuwa na historia. Wengine, kusudi wawajibu, wanashika lukasa ya Baluba na kusema: «Hiki njo kitabu chetu.» Neno la kwanza ni uwongo. Neno la pili linakaribia ukweli, lakini halifiki. Kitabu kinasomwa na kila mtu mwenye kujua herufi. Lukasa bila msimulizi inanyamaza.

1. Lukasa ni kitu gani?

Ni ubao wa mti wenye kushikwa kwa mkono mmoja. Nyingi zina urefu wa karibu sentimetre 25, ingine zaidi, ingine chini. Katikati imebanwa sawa kiuno, na mgongo wake unafanana na ganda la kobe. Mbele imepigiliwa shanga na simbi, ao imechongwa alama. Shanga kubwa yenye kuzungukwa na ndogo inaweza kuwa mfalme na watu wa kikao chake. Mstari wa shanga unaweza kuwa njia ya safari. Rangi nazo zinasema: nyekundu inakumbusha Nkongolo Mwamba, mfalme mkali, rangi ya giza inakumbusha Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki.

Lukasa ilikuwa mali ya Mbudye, chama cha wanaume na wanawake chenye kulinda mambo ya ufalme. Mtu aliingia humo kwa kupanda ngazi moja moja, na ni wa ngazi za juu tu waliofundishwa kusoma lukasa. Mabingwa wake waliitwa bana balute, ni kusema watu wa kumbukumbu. Mmoja alishika ubao kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya shanga, akasimulia.

2. Kisolo na lukasa

Tufananishe na kisolo. Katika kisolo kuko mashimo, kuko mbegu, na kuko sheria. Mbegu moja ni mbegu moja, kwa mkubwa na kwa mtoto. Mwenye kujua kuhesabu vizuri anashinda, hata kama hajui kusema.

Lukasa haiko vile. Shanga ileile, leo inaweza kuwa mfalme, kesho kijiji chake, siku ingine sheria iliyowekwa pale. Inategemea kinachotafutwa siku ile: kusimika chifu, kukata shauri, ao kufundisha wapya. Alama zinampa msimulizi mpango wa safari. Kutembea anatembea mwenyewe.

Tuchukue habari ya Kalala Ilunga, mtoto wa Mbidi Kiluwe na Bulanda, dada ya Nkongolo. Nkongolo alipoona nguvu za kijana akamwonea wivu. Akachimbisha shimo, akatandika mkeka juu, akamwita aje kucheza ngoma. Mpiga ngoma akamwonya kwa midundo, Kalala akaelewa, akakimbia kwa baba yake. Nyuma akarudi na jeshi, Nkongolo akauawa. Ubaoni yote haya ni shanga chache. Hofu ya mpiga ngoma, mguu wa kijana karibu na mkeka, fundisho kwamba mfalme bila adabu anaanguka: hayo yote yanatoka katika kinywa cha msimulizi. Na njo hayo watu walibeba kwenda nayo nyumbani.

3. Basi kila mtu alisema alivyopenda?

Hapa kuko swali kubwa. Kama msimulizi anapita ubao, ukweli unakaa wapi? Swali hili haliko la mchezo. Baada ya Kasongo Kalombo, mwisho wa karne ya 19, ufalme uligawanyika kati ya Kabongo na Kasongo Nyembo, na serikali ya Wabeleji ikakubali pande zote mbili. Hapo kusimulia ukoo ilikuwa kusema nani ana haki ya kutawala. Neno moja liliweza kumpa mtu udongo ao kumnyanganya.

Lakini msimulizi hakusema peke yake porini. Alisema mbele ya watu waliosikia habari zile tangu utoto, na mbele ya wana-Mbudye wenzake. Alikuwa na ruhusa ya kurefusha, kufupisha, kuimba, kuchagua. Kumfanya Nkongolo baba ya Kalala Ilunga, hapana: wangemkatiza. Kizuizi chake kilikuwa masikio ya watu.

4. Walioandika

Wazungu wa kwanza walitafuta orodha: majina ya wafalme na miaka yao. Edmond Verhulpen alitoa kitabu chake juu ya Baluba mwaka 1936. Mwaka 1961 Jan Vansina alionyesha kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo cha historia, kama yakichunguzwa kwa utaratibu. Luc de Heusch, mwaka 1972, aliona katika Nkongolo na Mbidi Kiluwe hadithi ya asili kuliko watu wa tarehe fulani. Thomas Reefe aliandika juu ya lukasa mwaka 1977, na juu ya ufalme mwaka 1981. Hawakubaliani. Lakini wote walikula katika sahani moja: maneno ya wasimulizi.

5. Kwetu leo

Leo lukasa ingine iko Brooklyn, Marekani, ndani ya kioo. Imechungwa vizuri, shanga ziko. Lakini yule aliyeisoma, na mambo aliyosema siku fulani mbele ya watu fulani, havimo ndani ya kioo kile.

Watu wanadai vitu vyetu virudishwe, na ni haki. Lakini ubao ukirudi Kabongo ao Kamina na hakuna wa kuusimulia, tutakuwa tumepokea mti na shanga. Kwa hiyo tukienda kwa mzee, tusimwombe orodha ya majina tu. Tumwache asimulie mpaka mwisho, watu wake wakiwa wameketi. Tuandike alivyosema, alisema kwa nani, na nani alimkatiza kusema: «Hapana, mzee, haikuwa vile.» Maneno ya yule mwenye kukatiza, nayo ni historia.