Mbaazi na unasaji wa nitrojeni

Kazi inayofanyika kwenye mizizi ya mbaazi huelezwa kwa vitenzi vitatu: kurekebisha, kufunga na kunasa nitrojeni. Mimi nashika cha tatu, na sababu zangu zinatoka shambani.

Takribani asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, lakini atomi zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu kiasi kwamba mmea hauwezi kuzitumia. Viwanda vya mbolea huzitenganisha kwa joto la nyuzi 400 na zaidi pamoja na shinikizo kubwa. Mbaazi hutegemea bakteria. Huingia mizizini kutoka udongoni, mmea ukawajengea vinundu na kuwalisha sukari, nao wakainasa nitrojeni ya hewa na kuigeuza kuwa amonia. Chimbua mche taratibu, upasue kinundu kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa kijani au kijivu, kimechoka.

Kurekebisha ni kutengeneza kilichoharibika, na nitrojeni haijaharibika. Kufunga kuna nafuu, ila humfanya msomaji adhani kitu kimewekwa akiba ardhini. Kunasa kunasema kweli: kilichonaswa ni cha mnasaji kwanza. Nitrojeni hiyo huingia mwilini mwa mmea, na sehemu kubwa huishia kwenye punje, zile zile tunazozipika kwa nazi. Ndiyo inayojenga protini ya punje hizo. Udongo hupata fungu lake baadaye, kwa majani yanayopukutika na mizizi inayooza. Mkulima aliyeambiwa tu kwamba mbaazi “huweka mbolea” huvuna, akachoma mabaki yote, kisha akashangaa mahindi ya mwaka unaofuata yana manjano.

Fungu hilo la udongo huonekana Babati na Kondoa, ambako mbaazi za muda mrefu hupandwa pamoja na mahindi mvua zinapoanza. Miezi ya mwanzo hukua polepole, hazigombanii mwanga. Mahindi yakishavunwa ndipo zinapotanua matawi, zikiufuata kwa mizizi mirefu unyevu uliobaki chini, na kumwaga majani juu ya shamba. Aina hizi hukaa miezi minane au zaidi, na kipindi cha baada ya mahindi kuvunwa ndicho cha kulindwa. Ng'ombe wakiachiwa mashambani mara tu mahindi yanapotoka, watakula maua na maganda machanga, pamoja na majani ambayo yangerudi udongoni kabla ya msimu ujao.