Fedha za Marafiki: Uchaguzi wa Chama Kimoja katika Kajiado, kutoka Rombo hadi Kitengela

Nchini Kenya husemwa mara nyingi kwamba fedha ziliingia katika uchaguzi mwaka 1992, pamoja na vyama vingi. Kauli hiyo haikosi ukweli, maana mwaka ule noti zilimwagwa kwa namna ambayo nchi ilikuwa haijaiona. Hata hivyo, inaiacha kando miaka zaidi ya ishirini iliyotangulia, ambamo wananchi walipiga kura mara kwa mara chini ya chama kimoja. Ni katika miaka hiyo ndipo mpiga kura alipozoea kupokea fedha asizojua zilikotoka, na kuona jambo hilo kuwa la kawaida.

Kajiado ni mahali panapofaa kwa uchunguzi wa namna hii. Kusini kabisa iko Rombo, chini ya mlima Kilimanjaro, nchi ya Wamaasai wafugaji na ya wakulima wanaotumia maji ya chemchemi za mlima. Ng'ambo ya mpaka, baada ya Illasit na Tarakea, iko Rombo nyingine, ya Tanzania, nayo pia ilitawaliwa kwa miaka mingi na chama kimoja. Kaskazini, mlangoni mwa Nairobi, iko Kitengela, ambayo zamani ilikuwa malisho na leo ni mji. Pande hizo mbili za Kajiado zinatofautiana kwa mvua, kwa ardhi na kwa wakazi, lakini historia yake ya uchaguzi ni moja.

Jambo moja husahauliwa aghalabu. Chama cha KADU, kilichosimama kuipinga KANU kabla ya uhuru, kiliundwa Ngong, katika Kajiado hii hii, mwezi Juni 1960. Waliokutana pale walikuwa viongozi wa makabila madogo waliochelea kumezwa na makubwa, na ardhi ndiyo iliyokuwa hofu yao kuu. Novemba 1964 KADU ilijivunja na wabunge wake wakajiunga na serikali. Chama cha KPU, kilichoanzishwa na Oginga Odinga mwaka 1966, kilipigwa marufuku Oktoba 1969. Tangu hapo hadi mwaka 1982 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa vitendo bila kuwa hivyo kwa sheria; Juni 1982 Bunge likaongeza kifungu cha 2A katika Katiba, na yaliyokuwa mazoea yakawa sheria.

Isidhaniwe kwamba uchaguzi wa wakati huo ulikuwa wa kimya. Mwaka 1969, 1974, 1979 na 1983 wagombea wengi walishindana chini ya bendera moja, na wabunge wengi, hata mawaziri, walianguka. Kilichokatazwa ni kushindania sera. Hakuna aliyeweza kupanda jukwaani akasema kwamba siasa ya ardhi ya serikali ilikuwa mbaya, maana serikali ilikuwa ya chama na yeye alikuwa mgombea wa chama hicho hicho. Basi wagombea watano waliokubaliana kwa kila jambo wangetofautishwa kwa nini? Walitofautishwa kwa ukoo, kwa ukaribu wao na wakubwa, na zaidi ya yote kwa walichotoa.

Hapo ndipo neno harambee lilipopata kazi yake mpya. Lilikuwa neno la wachukuzi na vibarua waliovuta mzigo kwa pamoja, na Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa mwaka 1963. Mwanzoni lilimaanisha hasa kile lilichosema: wanakijiji walijenga shule kwa mikono yao, kwa mbuzi wao na kwa senti zao. Lakini ilipodhihirika kwamba mbunge alipimwa kwa shule na zahanati zilizojengwa katika jimbo lake, harambee ikawa uwanja wa kampeni uliokuwa wazi miaka yote mitano, bila kusubiri tarehe ya uchaguzi. Sheria ya makosa ya uchaguzi ilimkataza mgombea kumhonga mpiga kura au kumfanyia karamu ili apate kura yake. Haikumkataza kuipa shule mabati.

Mikutano hiyo ilikuwa na adabu zake za lugha, na hapo yafaa kutua kidogo. Majina ya watoaji yalisomwa kwa sauti, pamoja na kiasi, na mara nyingi magazeti na redio viliyarudia kesho yake. Kwa kuangalia upesi mtu angesema kwamba hakuna fedha zilizotolewa kwa uwazi kuliko hizo. Mzee aliyetoa kondoo alitajwa. Mama aliyetoa shilingi kumi alitajwa. Kisha mgeni wa heshima alisimama, na kiasi chake kikatangazwa kuwa kimetoka kwake "na marafiki zake". Watu walipiga makofi. Marafiki hawakutajwa. Huenda walikuwa wafanyabiashara waliotafuta leseni, au wakandarasi waliongoja zabuni, au watu wa ofisi ya juu zaidi. Huenda pia walikuwa marafiki kweli. Neno lenyewe halikutoa njia ya kujua. Katika mila za Kiafrika kumwuliza mgeni alikopata zawadi yake ni utovu wa adabu, na siasa ya chama kimoja ilijificha nyuma ya adabu hiyo. Kwa hiyo maskini alitoa hadharani kwa jina lake, na mwenye nguvu akatoa hadharani kwa jina la watu wasiojulikana.

Kajiado Kusini, ambamo Rombo imo, iliwakilishwa tangu 1963 na Stanley ole Oloitiptip, mwanasiasa wa tambo na sauti kubwa, aliyekuwa waziri katika serikali ya Kenyatta na ya Moi. Alijulikana nchini kote kwa kutofumba mkono penye harambee. Mwaka 1976, kundi la wanasiasa lilipotaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asishike madaraka Rais akifariki, ni Oloitiptip aliyejitokeza na majina ya wabunge 98 waliopinga mabadiliko hayo. Kwa tendo hilo alimsaidia sana Daniel arap Moi. Mwaka 1984 KANU ilimfukuza pamoja na wengine waliohesabiwa kuwa upande wa Charles Njonjo. Mwaka uliofuata alifariki. Hukumu juu ya mtu huyo si shabaha ya makala haya. Kinachofaa kuangaliwa ni kwamba waliomchagua kwa miaka mingi hawakuulizwa lolote alipofukuzwa. Kwa kutoa kwake alijifunga nao. Kwa kadi ya chama alifungwa na wengine, na kadi ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi.

Katika Kajiado fedha zilikuwa na sura nyingine ambayo haikuonekana sana katika wilaya za wakulima, nayo ni ardhi. Sheria ya mwaka 1968 iliwawezesha wafugaji kuandikishwa kuwa wamiliki wa ranchi za kikundi, kila ranchi ikiwa na daftari la wanachama na kamati yake. Rombo ilikuwa ranchi ya kikundi, na Kitengela vivyo hivyo. Anayeandikwa katika daftari na asiyeandikwa, kijana atakayepewa sehemu na atakayeambiwa angoje: mambo hayo yalikuwa mikononi mwa kamati, na ni vigumu kudhani kwamba kamati zilikaa mbali na chama. Tangu miaka ya 1980 ranchi za kaskazini zilianza kugawanywa, na Kitengela, kwa sababu ya ukaribu wake na Nairobi, ikauzwa vipande vipande. Wanunuzi wengi walitoka nje ya Kajiado. Mali iliyokuwa ya wote ikageuka kuwa fedha mifukoni mwa wachache, na fedha hizo, tofauti na ng'ombe, hazina alama ya moto ya mwenyewe. Ranchi kadhaa za kusini, Rombo mojawapo, zilikaa muda mrefu zaidi bila kugawanywa, na huko daftari liliendelea kuwa na uzito kuliko hundi.

Ndipo ukaja mlolongo. Katika mchujo wa KANU wa Februari 1988 wanachama walitakiwa kujipanga mstari nyuma ya mgombea wamtakaye, au nyuma ya wakala wake au picha yake, na wakahesabiwa kwa macho. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita bila kupingwa, pasipo kura ya siri kufuata. Malalamiko yalijaa nchi nzima kwamba mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu, na viongozi wa makanisa, Askofu Alexander Muge, Askofu Henry Okullu na Askofu David Gitari miongoni mwao, waliupinga utaratibu huo waziwazi.

Lawama ya kuhesabu vibaya ni nzito, lakini kuna nyingine ambayo haikuzungumzwa vya kutosha. Kura ya siri ilikuwa imempa mpiga kura maskini kinga moja tu: aliweza kupokea sukari ya mtu na kumpigia mwingine. Mlolongo uliondoa kinga hiyo. Mfugaji wa Rombo aliyesimama katika mstari aliweza kuonwa na mwenyekiti wa kamati ya ranchi, na chifu, na aliyemlipia mwanawe karo. Zawadi ambayo hapo awali ilikuwa matumaini sasa ikawa deni lenye siku ya kulipwa. Kura iliwekwa juani, na fedha zikabaki kivulini.

Rombo ya ng'ambo ilipitia njia tofauti, na tofauti hiyo inafunza. Tanzania ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza wa chama kimoja mwaka 1965, TANU iliweka wagombea wawili katika kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, wakahutubia mikutano ile ile iliyoandaliwa na chama. Mgombea hakuruhusiwa kujifanyia kampeni kwa fedha zake. Ingawa mchujo wa chama ulibana uhuru wa mwananchi, mfuko wa mtu binafsi haukuwa hoja kubwa, na hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alikosa kiti chake. Kwa hiyo si kweli kwamba chama kimoja lazima kizae fedha za siri. Lakini hapana budi kutaja pia yaliyofuata. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, CCM ikiendelea kutawala, sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu watu kwa nia njema kama ilivyo desturi. Neno zuri la wageni na wenyeji likapewa kazi ile ile iliyopewa harambee upande wa pili wa mlima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania iliamua kwamba vifungu hivyo vilipingana na Katiba, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Mwaka huo huo wapiga kura wa Rombo ya Kilimanjaro walimchagua mbunge wa CHADEMA.

Upande wa Kenya, KANU yenyewe ilikiri mwaka 1990 kwamba mambo yameharibika. Kamati ya kupokea maoni ya wananchi iliongozwa na Makamu wa Rais, Profesa George Saitoti, aliyekuwa mbunge wa Kajiado Kaskazini. Watu walisema yaliyokuwa moyoni kwa ukali ambao wakubwa hawakuutazamia. Desemba 1990 mlolongo na kanuni ya asilimia 70 vilifutwa, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kikaondolewa. John Keen, aliyepata kuwa mbunge wa jimbo hilo hilo la Kajiado Kaskazini, akawa mmoja wa waasisi wa chama kipya cha DP.

Mwaka 1992, basi, chama tawala kilipopata mshindani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kilikimbilia silaha kiliyoizoea. Kundi la Vijana kwa KANU, lililojulikana kama YK'92 na kuongozwa na Cyrus Jirongo, lilitapanya fedha kiasi kwamba noti mpya ya shilingi 500 iliitwa na watu "jirongo". Marafiki walikuwa wameongezeka, lakini bado hawakuwa na majina.

Tangu hapo sheria zimeandikwa. Katiba ya mwaka 2010 iliipa tume ya uchaguzi jukumu la kudhibiti fedha zinazotumiwa na wagombea na vyama. Sheria ya kugharimia kampeni ilitungwa mwaka 2013, ikimtaka mgombea afichue michango anayopokea na walioitoa. Utekelezaji wake uliahirishwa, na uchaguzi wa 2017 ukafanyika bila sheria hiyo kufanya kazi. Agosti 2021 tume ilitangaza viwango vya matumizi, mgombea urais akiwekewa zaidi ya shilingi bilioni 4. Mwaka huo huo Bunge la Taifa likazikataa kanuni za tume. Waliozikataa walikuwa wabunge wa vyama vingi, wa serikali na wa upinzani, na wengi wao waliomba kura tena mwezi Agosti 2022, Rombo na Kitengela zikiwamo katika safari za kampeni, bila yeyote kulazimika kusema marafiki zake ni nani.