Jinsi Siri ya Nishati ya Seli Ilivyofumbuliwa

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wataalamu wengi wa Ulaya walishika hoja ya Louis Pasteur kwamba sukari haiwezi kuchachuka ikawa pombe pasipo seli iliyo hai, na hoja hiyo ilidumu hadi mwaka 1897, Mjerumani Eduard Buchner alipotangaza matokeo yaliyoipinga. Buchner alisaga hamira pamoja na mchanga mpaka seli zikapasuka, akaikamua, kisha akautia utomvu wake sukari nyingi ili usiharibike. Badala ya kutulia, ukaanza kutoa mapovu ya kabonidayoksaidi. Ikawa dhahiri kwamba kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, hata kama seli yenyewe imekwisha kufa.

Tangu hapo kila hatua iliweza kuchunguzwa peke yake, na kazi ya Gustav Embden, Otto Meyerhof, Jakub Parnas na wenzao ikaonyesha kwamba glukosi, sukari yenye atomi 6 za kaboni, hupasuliwa kwa hatua 10 na kuwa molekuli 2 za piruvati, huku seli ikipata faida ya molekuli 2 za ATP, kampaundi inayobeba nishati ambayo Karl Lohmann aliitambua mwaka 1929.

Faida hiyo ni ndogo, kwa sababu nishati nyingi bado imo ndani ya piruvati. Hans Krebs, Myahudi aliyefukuzwa kazi Freiburg mwaka 1933 chini ya utawala wa Wanazi, aliufuatilia mkondo wa piruvati hiyo mjini Sheffield, Uingereza, kwa kutumia msuli wa kidari cha njiwa, na mwaka 1937 akaeleza mzunguko wa asidi sitriki, ambamo kaboni hutolewa kama kabonidayoksaidi na elektroni zake huchukuliwa. Jarida la Nature halikuichapisha taarifa yake, lakini mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1961 Peter Mitchell alipendekeza kwamba elektroni hizo, zikielekea kwenye oksijeni, husukuma protoni nje ya utando wa ndani wa mitokondria, vijisehemu vilivyomo ndani ya seli, nazo protoni zinaporudi, kama maji ya bwawa yanayozungusha mtambo wa umeme, huwezesha ATP kuundwa. Alipingwa vikali, kisha majaribio yakamthibitisha, akatunukiwa Nobel mwaka 1978. Leo inapokadiriwa kwamba glukosi moja huipatia seli ATP zipatazo 30, hesabu hiyo inastahili kuaminiwa kwa sababu kila hatua yake ilipimwa kwa majaribio, pasipo kujali heshima ya aliyeikubali wala ya aliyeikataa.