Picha ndogo ya kwenye kadi ya mchaguzi



Mtu wa Masisi ao Walikale akikimbia vita, anabeba mtoto, sufuria, na kadi ya mchaguzi. Albamu ya ndoa inabaki nyumbani. Nyumba ikichomwa, ile picha ndogo ya kwenye kadi ndiyo inabaki sura pekee ya baba ao ya mama. Ina historia yake.

Kadi za wakati wa Zaire zilizeeka pamoja na utawala wa Mobutu, na nchi ikabaki bila kitambulisho cha taifa. Mwaka 2005 Tume ya Uchaguzi iliandikisha watu zaidi ya milioni 25 kwa ajili ya kura ya maoni ya Desemba na uchaguzi wa 2006. Kadi waliyopewa ikashika pia nafasi ya kitambulisho. Tangu hapo tunaionyesha kwenye barrière, kwenye benki na wakati wa kupokea msaada.

Lakini huku kwetu, kuandikwa kuwa mtu wa nchi kulileta maumivu mbele ya kadi hiyo. Kuanzia 1937 Wabelgiji walileta familia nyingi kutoka Rwanda na kuzikalisha Masisi. Sheria ya 1972 iliwapa watu hao uraia. Ile ya 1981 ikauondoa, ikidai mababu wawe walikuwa ndani ya nchi tangu 1885. Sheria ya 2004 ikarudi kutengeneza jambo hilo. Katikati ya hapo, mwaka 1991, serikali ilianza kutambua raia, na swali la « wewe ni wa wapi? » likaongeza chuki. Machi 1993 mauaji yakaanza kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, yakaenea hadi Masisi. Maelfu walikufa, na jamii zote zililia.

Ndiyo maana kadi si plastiki tu. Inasema jina, siku na mahali pa kuzaliwa. Kwa aliyefukuzwa kwenye shamba lake, jina la kijiji kwenye kadi ni ushuhuda kwamba alitoka pale.

Mwaka 2023 vita vilizuia kazi hiyo tena. Siku ya 20 Desemba Walikale ilipiga kura, lakini Masisi na Rutshuru hazikupiga. Vijana wengi waliofikisha miaka 18 wakati huo wamebaki bila kadi, na wazazi wao wana zile za zamani ambazo sura zinaanza kufutika.

Basi, familia zetu, fanyeni hivi. Pigeni kadi ya mzee picha kwa simu, mtumie ndugu mmoja mnayemwamini anayekaa mahali pengine. Msiitume kwa mtu msiyemjua, wala kwetu redioni. Toeni fotokopi, na nyuma yake muandike kile ambacho kadi haisemi: jina la babu, mlima ao mto wa karibu na nyumba, majirani walikuwa nani, mlikimbia mwaka gani.

Mwulizeni mzee angali hai. Mtoto aliyezaliwa kambini atajua sura ya babu yake kwa kadi ile, lakini njia ya kwenda kijijini kwake ataijua tu kama mtu aliiandika.