Mukanda Kwanza, Makuta Baadaye

Msafiri anayengojea ndege ya pili Brussels au Frankfurt kwa saa nane, na mfukoni ana makuta, yaani pesa, machache, hushauriwa asikae bure: apande treni hadi katikati ya mji, atembee kwa miguu, ale mkate, aingie makanisani na bustanini kusikolipiwa. Ni ushauri mzuri, ila unaruka swali la kwanza: nani anaruhusiwa kutoka nje ya uwanja wa ndege? Likasi, mji wa Kongo, ina haki ya kulijibu. Ilipoitwa Jadotville ilijengwa kama mji wa Kizungu katika ardhi ya Katanga, na humo maelfu ya watu walijifunza kupita katika mji usiowahesabu kuwa wake. Hoja yangu ni kwamba kilichomfungia Mkatanga mlango wa mji wa Kizungu, jana na leo, ni mukanda, yaani karatasi ya ruhusa. Upungufu wa pesa ulifuata nyuma.

Reli ilifika Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1910, Kambove mwaka 1913 na Bukama mwaka 1918. Kuanzia 1931 abiria aliweza kuendelea kupitia Tenke hadi Lobito, pwani ya Angola. Jadotville, iliyopewa jina la Jean Jadot wa Société Générale de Belgique, ikawa kituo cha njiani na mji wa viwanda kwa pamoja. Kampuni ya madini ya Union Minière ilileta Katanga wafanyakazi kutoka Kasai, Lomami, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini. Mtu aliyetoka Kasai hadi mitambo ya Panda au Shituru hapo Jadotville, akaishi kwa ujira mdogo kati ya watu wa lugha nyingine na kuelewana nao kwa Kiswahili, hakuhitaji kufundishwa ugeni wala ubanaji wa matumizi. Lakini mji uligawanywa: ville ya Wazungu huku, kambi za kampuni na cité ya Waafrika kule. Usiku Mwafrika hakutakiwa kuonekana ville bila ruhusa ya maandishi, na aliyetaka kuondoka eneo lake kwa muda mrefu alihitaji kibali cha serikali. Hata boyi aliyepika na kufua humo mchana kutwa alihitaji barua ya bwana wake akichelewa kurudi.

Mtu anaweza kupinga kwamba Mzungu naye alikatazwa kuzurura cité usiku, kwa hiyo sheria ilikuwa sawa kwa wote. Sivyo. Riziki ya Mzungu haikuwa cité, na walioandika sheria walikuwa Wazungu wenzake. Mwafrika alilazimika kuingia ville kwa sababu kazi ilikuwa huko. Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya Elisabethville kwa Kiswahili, akiwaandikia watu waliokuwa watumishi wa nyumbani, katika kitabu kidogo kinachoitwa Vocabulaire ya Ville de Elisabethville. Si ajabu kwamba historia hiyo ilitoka kwa maboyi. Hao ndio waliozijua nyumba za ville kwa ndani, na walizijua kwa sababu kazi ndiyo iliyokuwa ruhusa yao ya kuingia.

Ulaya yenyewe ilifuata mpango uleule. Salim bin Abakari aliiona Urusi na Siberia mwaka 1896, akaacha masimulizi ya safari yake kwa Kiswahili. Lakini alikwenda kama mtumishi wa Mjerumani, Theodor Bumiller. Mwaka uliofuata Wakongo 267 walipelekwa Tervuren, karibu na Brussels, kutazamwa na umati, na saba walifia huko. Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa maonyesho ya Brussels ya mwaka 1958. Mamia ya Wakongo walipelekwa kwa gharama ya wenyeji wao, wakalazwa Tervuren, wakawa wakibebwa kwa basi hadi uwanja wa maonyesho, na matembezi yao yalipangwa na kusimamiwa. Waliowekwa katika kijiji cha maonyesho waliondoka kabla ya mwisho kwa sababu ya matusi ya watazamaji. Hapa pesa haikuwa kikwazo hata kidogo: nauli, malazi na chakula vililipwa. Kilichokosekana ni uhuru wa kutoka mlangoni na kuchagua njia.

Leo Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2009, inaitaja Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo miongoni mwa nchi 12 ambazo raia wake huhitaji viza hata ya kubadilisha ndege tu ndani ya uwanja, isipokuwa wenye hati fulani, kama viza halali ya Marekani au Kanada. Watetezi wake husema inazuia watu kuteremka njiani na kuomba hifadhi, na kwamba kila nchi ina haki ya kulinda mpaka wake. Haki hiyo siikatai. Wala sidai kwamba sheria ya leo ni ile ya Jadotville, kwa kuwa hii inapima uraia, si rangi, na raia wa Seychelles na Mauritius huingia eneo la Schengen bila viza kwa ziara fupi. Hata hivyo, kuomba hifadhi nako ni haki, na anayebadilisha ndege hajavuka mpaka wowote. Wengine watasema mtu wa Likasi hana nauli ya Ulaya hata hivyo. Wengi hawana, kweli. Lakini sheria hii humpata hasa yule ambaye tikiti ameshainunua. Tangu 2024 ombi la viza hugharimu euro 90, ambazo kwa msafiri mwenye bajeti ndogo zingetosha matembezi ya siku nzima mjini. Karatasi, basi, haingojei umaskini, inauongeza. Kuiondoa Kongo katika orodha hiyo hakutampa mtu yeyote ruhusa ya kuingia Ulaya, na ndiyo sababu ni dai dogo na la haki ambalo Kinshasa inapaswa kulipeleka Brussels kabla ya mengine yote.